Joistiki Iliyovuta Kushoto

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asijichoshe kumtafuta mwingine katikati ya hadithi.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelifungia dagaa wa omena kabla hajalisoma: naitwa Ngari, nina kiduka cha kompyuta na vifaa vya gemu mjini Kitale, na nilikuwa na mke. Nakhungu, binti wa Bumula. Niliagiza joistiki ya bei ya chini, ile ya kuendeshea ndege kwenye kompyuta. Mchana mmoja, duka likiwa limejaa wateja, nikamwomba Nakhungu aijaribu. Ndege yake ikainamisha bawa, ikageuka, ikaenda kujibamiza mlimani. Mimi nikawa nimeshika simu, narekodi, nacheka na kutangaza kama mtangazaji wa mpira. Nikaiweka kwenye stetasi ya simu yangu, watu wote waione: "Rubani wa Bumula akitafuta njia ya kwao."

Kitale ilicheka. Kesho yake Nakhungu akaipata njia ya kwao bila ndege.

Mmeniandikia wengi mkiuliza kama nilimwomba msamaha. Nilimwomba. Kwa stetasi nyingine.

Basi, kaka yake Nakhungu anaitwa Mukhisa, ana chumba cha gemu huko Kibabii, karibu na chuo kikuu. Nilimpigia simu kumwarifu kwamba ningefika na wazee wawili kumchukua mke wangu, jinsi desturi inavyotaka.

"Wazee wa nini?" akaniuliza.

"Wa kuzungumza, shemeji."

"Si wewe huzungumza mwenyewe? Si uko na stetasi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sikiza, mtu wa Kitale. Hiyo joistiki ulimpatia dada yangu, bado iko?"

"Iko. Na ni nzuri ajabu. Yeye ndiye hakujua kuishika."

"Sawa. Ilete. Utaiendesha mwenyewe hapa kwangu, mbele ya watu, vile yeye aliiendesha mbele ya watu. Ukitua hiyo ndege salama, nitakubali ni dada yangu hajui kushika vitu, na mimi mwenyewe nitamwambia arudi kwako. Ikianguka, hao wazee wako wakae kwao wakunywe chai. Na wewe usiwahi kanyaga Bumula."

"Nakhungu amekubali hayo?"

"Nakhungu amesema atafuata neno langu."

Simu ikakatika. Nami nikafurahi kama mtu aliyepewa mtihani na majibu yake kwenye bahasha moja.

Kwa nini nisifurahi? Kila asubuhi nikifungua duka, kabla jua halijayafikia mabati, nilikuwa naketi na sweta langu zito na kuiendesha ndege ile. Ilinyooka kama mshipi wa padri. Niliipandisha, nikaishusha, nikaitua taratibu hata yai lisingepasuka. Wateja wangu wa asubuhi ni mashahidi.

Ilipotoka kwenye boksi ilikuwa na kasoro moja tu: ililia. Ukiisukuma mbele, kwii. Ukiivuta nyuma, kwii. Lakini mimi ni mtoto wa wafugaji. Kwetu Kitale mlango ukilia, unapakwa mafuta ya kukamulia. Midomo ikipasuka kwa baridi, mafuta ya kukamulia. Mnyororo wa baiskeli, visigino vya nyanya, bawaba za geti la kanisa, yote ni kopo lile lile la kupaka chuchu za ng'ombe. Nikafungua skrubu za chini, nikachota mafuta kwa kidole, nikapaka ndani kwa ukarimu. Kelele ikafa.

Hilo nililifanya kabla Nakhungu hajaigusa joistiki. Likumbukeni. Mimi nililisahau.

Siku ya kwenda niliwaacha wazee Kitale wasubiri matokeo, nikaiweka joistiki kwenye mkoba mweusi, nikaupakata ndani ya matatu, upande wa dirisha. Anayeshuka kutoka Kitale hujua mambo yalivyo: sweta linavuliwa Kimilili, na ukifika Bungoma unatamani kuvua shati. Jua la Februari lilikuwa limeketi juu ya ule mkoba tangu tulipotoka kwetu. Mimi nilikuwa nakariri maneno ya ushindi.

Chumba cha Mukhisa kina mabati juu na hakina dari. Kompyuta zinapumua moto, na wanafunzi wanapumua moto wao. Nilipoingia kelele zilikoma. Wote walikuwa wameiona video.

"Niaje, Mukhisa," nikasema, nikinyoosha mkono.

Mkono wangu ulikaa hewani mpaka ukachoka.

"Umekuja na kitu ama umekuja na mdomo?" akauliza.

"Nimekuja na vyote, shemeji."

"Mdomo weka nje na viatu."

Mlangoni alikuwa ameketi shangazi yao, Edinah, ambaye nyumba nzima humwita Senge. Alikuwa ameweka mkoba wake magotini kama mtu anayesubiri hakimu aingie. Mambo ya ndoa kwao hayaendi bila senge kuwepo. Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka, akapanda tena.

"Ndiye huyu?" akamuuliza Mukhisa.

"Ndiye mimi, Senge," nikasema. "Si ulikula kwetu siku ya harusi? Umenisahau?"

"Nilikuwa nimefaulu."

Wanafunzi wakapasuka kwa kicheko. Mmoja wao, Dancan, bingwa wao wa gemu za ndege, alikuwa tayari ameinua simu.

"Unarekodi nini wewe?" nikamuuliza.

"Si wewe pia hurekodi?" Mukhisa akamjibia.

Nyuma ya chumba palikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia mtu alikuwa anaosha vikombe. Sikulitilia maanani. Vikombe huoshwa.

Mukhisa akaunganisha waya kwenye kompyuta, kisha akamwita Dancan aikague joistiki kabla ya mtihani, nisije nikasema baadaye kwamba nilionewa. Dancan akampa mwenzake simu aendelee kurekodi. Akaketi, akaisukuma joistiki mbele, akairudisha, akaizungusha.

"Wueh! Buda, hii iko laini," akasema. "Yangu ya bei mbaya haiko hivi. Hii ni kama imepakwa siagi."

Mnaona? Mtaalamu wao wenyewe! Nikajikuta nimekua inchi kadhaa.

"Mukhisa," nikasema, "anza kutafuta maneno ya kumwambia dada yako."

"Kaa chini uendeshe."

"Maneno mazuri, tafadhali. Umwambie mumewe si mtu wa mchezo."

"Nimesema kaa chini!"

Senge alinusa hewa. "Kuna harufu ya zizi hapa," akasema. Wanafunzi wakatazamana, kila mmoja akaangalia nyayo zake. Mimi pia nikaangalia zangu.

Nikaketi. Mukhisa akachagua kiwanja cha ndege kilicho kando ya milima, sawasawa na kile alichoendeshea dada yake. Nilipaswa kuruka, kuzunguka mlima mmoja, na kutua nilikotoka.

Niliruka vizuri. Siwezi kusema uongo, niliruka vizuri kabisa, na hilo likaniponza. Mdomo wangu haujui kukaa kando ndege ikiwa hewani.

"Mabibi na mabwana," nikaanza, "huyu ndiye rubani wa Kitale. Hakutafuta njia ya kwao. Njia ya kwao anaijua..."

"Hiyo bawa mbona imelala?" Dancan akauliza.

Nikatazama. Bawa la kushoto lilikuwa linashuka. Nikasukuma joistiki kulia kidogo, ndege ikanyooka. Nikaiachia, bawa likashuka tena.

"Ni upepo," nikasema.

"Upepo nimezima," Mukhisa akasema.

"Basi ni kompyuta yenu imechoka."

Mukhisa alisimamisha gemu, akachomoa joistiki yangu, akachomeka ya Dancan, ile ya bei mbaya, yaani ghali. Akaruka nayo kutoka kiwanja kile kile, ndege ilipopata kimo akaondoa mikono yote miwili, akaikunja kifuani. Ndege ikaenda mbele tu, imetulia kama trei ya chai mikononi mwa bibi harusi. Akairudisha yangu.

"Rudia kutoka mwanzo," akasema. "Sitaki uandike kwa gazeti ati tulikuharakisha."

Kumbe husoma! Hilo lilinipa joto jingine.

Nikaruka mara ya pili. Safari hii sikutangaza. Jasho lilinitiririka kutoka kwenye paji la uso, likaingia jichoni. Nilivyozidi kuipeleka joistiki kulia, ndivyo ndege ilivyozidi kwenda kushoto, kama ng'ombe anayejua boma liko wapi. Nikaikamata kwa mikono miwili. Nikaegemea kulia na mwili wote. Mwanafunzi mmoja naye akaegemea kulia kwa huruma.

Mlima ukajaa kwenye skrini.

Sauti ya kishindo ilitoka kwenye spika zote mbili. Kisha chumba kikapiga kelele kama goli limeingia.

"Rubani wa Kitale!" mmoja akaita.

"Ametafuta njia ya kwao!"

"Nyamazeni," Mukhisa akasema, nao wakanyamaza. Akatoa simu yake. "Mtu wa Kitale, nataka usikize kitu."

Alikuwa ameihifadhi video yangu. Akaicheza, akaongeza sauti mpaka mwisho. Nikasikia kicheko changu. Nikasikia utangazaji wangu, Rubani wa Bumula, mabibi na mabwana. Halafu akaniwekea simu sikioni, akairudisha nyuma kidogo.

Chini ya kicheko changu kulikuwa na sauti ya Nakhungu.

"Ngari, inavuta kushoto." Kicheko changu. "Sijaisukuma, Ngari. Hii kitu inavuta kushoto." Kicheko changu. "Ngari, si unisikize?"

Nilikuwa nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote. Kila mara nilisikiliza sauti moja tu, nayo ilikuwa yangu.

"Umesikia?" Mukhisa akauliza.

"Nimesikia."

"Alikwambia ama hakukwambia?"

Hapo, wasomaji, ndipo pangekuwa mahali pa kujibu neno moja na kunyamaza. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye joistiki. Kwenye sehemu ya chini ilikuwa inatoa jasho. Tone la manjano lilichungulia, likaning'inia, likadondokea mezani.

"Hiyo ni nini?" Dancan akauliza.

Mukhisa akachukua bisibisi. Skrubu zilitoka bila kubishana, maana zilikuwa zimelainika. Alipofungua kifuniko, mafuta yakamwagika mezani kama samli iliyosahauliwa motoni. Yalikuwa yameingia kila mahali, mpaka kwenye vile visahani vidogo vya ndani vinavyoiambia kompyuta mkono wa mtu umeelekea wapi. Mukhisa akachovya kidole, akanusa. Akanusa tena kwa kutoamini.

"Haya ni mafuta ya kukamulia," akasema.

"Si nilisema kuna zizi?" Senge akasema.

"Umepaka kompyuta mafuta ya ng'ombe?" Mukhisa akaniuliza.

"Si kompyuta. Ni joistiki. Ilikuwa inalia."

"Na wewe ukadhani inataka kukamuliwa!"

Walicheka mpaka Dancan akaketi sakafuni. Senge mwenyewe alifunika mdomo kwa kitambaa. Lakini mimi nilikuwa nimeona mwanga. Mafuta! Baridi ya asubuhi inayagandisha, yanakaa mahali yalipopakwa. Mchana mabati yakipata moto, yanayeyuka, yanatambaa mpaka kwenye vile visahani, na ndege inavuta kushoto. Ndiyo maana mimi asubuhi nilitua salama na Nakhungu mchana akaanguka! Nikasimama kama wakili aliyepata ushahidi.

"Basi mambo yamekwisha!" nikasema. "Kosa si langu na si la Nakhungu. Kosa ni la joto."

"Ndege imeanguka," Mukhisa akasema.

"Imeanguka kwa sababu ya joto la huku kwenu!"

"Ilianguka Kitale pia."

"Mchana! Chini ya mabati! Asubuhi haianguki, njooni Kitale mwone. Mje wote, Senge pia aje, nitawakaribisha chai."

"Chai yako nilikunywa," Senge akasema. "Bado naijutia."

"Mukhisa, kuwa mtu wa haki. Mtihani haukuwa wa haki."

"Ya dada yangu ilikuwa ya haki?"

"Ile ilikuwa mzaha tu!"

"Mzaha?" Akanishika ukosi wa shati. "Mama yangu ameacha kukaa na wamama wenzake kanisani. Ati wanamuuliza kama rubani amefika. Huo ndio mzaha? Toka. Toka kabla sijakuonyesha mzaha wa kwetu."

"Niachie shati, shemeji."

"Shemeji ya nani? Ndege imeanguka, ushemeji umeanguka nayo. Enda ukachekeshe ng'ombe, si mko na mafuta."

Alinikokota. Mimi nikashika fremu ya mlango. Kiti kikaanguka, Senge akainua miguu yake ili tupite, na mimi bado napaza sauti: joto, mabati, mafuta, asubuhi, mchana. Ukisikia mtu anaeleza mambo mengi namna hiyo huku anatolewa nje, ujue ana jambo moja asilotaka kulisema.

Vikombe vikaacha kugongana. Pazia la maua likafunguka.

Alikuwa Nakhungu. Mikono yake ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake, chini ya meza ya vikombe, niliona begi lake jekundu, lile aliloondoka nalo Kitale. Lilikuwa limefungwa zipu, na sweta lake zito limewekwa juu. Mtu anayebaki Bungoma hana haja ya sweta zito.

Mukhisa naye aliliona. Akaniachia ukosi.

"Nakhungu, hiyo begi ni ya wapi?"

"Yangu."

"Najua ni yako. Inaenda wapi?"

"Nilifunga kabla huyu hajafika." Alikuwa anapangusa mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Ndege yenu ianguke, isianguke, mimi sikujali. Si ndege iliniudhi."

"Lakini ulisema utafuata neno langu!"

"Nilisema hivyo ndio umlete."

Mukhisa akamgeukia Senge. Senge akatazama mkoba wake.

"Ulijua?" Mukhisa akamuuliza.

"Nani alimsaidia kufunga zipu?" Senge akajibu.

Moyo wangu uliruka kuliko ndege zote za siku ile. Alikuwa ananirudia! Nilikuwa nimeshindwa mtihani na bado mke alikuwa amefunga begi. Nikajinyoosha shati, nikavuta tabasamu langu la dukani.

"Nilikuwa hapo nyuma nasikiza," Nakhungu akasema, sasa ananitazama mimi. "Mukhisa alikuwekea sauti yangu kwa sikio. Akakuuliza kama nilikwambia. Nikaacha hata kusugua kikombe, nisikie vile utajibu."

"Nami nikajibu, mama."

"Ulijibu nini?"

Nikafungua mdomo. Chumba kizima kilikuwa kinasubiri. Hata simu ya Dancan ilikuwa inasubiri.

Jibu lilikuwa fupi na nililijua. Ulisema, na sikukusikiliza. Watoto wa chekechea wangeweza kulitamka. Lakini wanafunzi walikuwa wengi, wote wananitazama mdomoni, na mimi mdomo wangu ukishaona watu unajiendesha wenyewe.

"Nakhungu, sikiza kwanza sayansi yake," nikasema, na nikamkonyezea Dancan jicho. "Hii joistiki haina ubaya wowote. Kukiwa baridi, kumetulia, ni nzuri hakuna mfano. Ni joto tu likiingia ndio inapotea njia. Sasa hapo unailaumu vipi?"

Mwanafunzi mmoja akacheka. Nikamshukuru kwa macho.

Nakhungu hakucheka. Aliinama, akaliondoa sweta juu ya begi, akalikunja mkononi. Akashika mpini wa begi. Hakuna aliyejua analipeleka upande gani.

"Basi mmefanana," akaniambia. "Hata wewe ni mzuri tukiwa wawili. Akiingia mtu wa tatu, unavuta kushoto."